Mwendo wa Kusini: Umbali wa Ruvuma na Pwani katika Historia Yetu

Katika lugha yetu neno "mwendo" limebeba maana zaidi ya moja. Mwendo ni tendo la kwenda. Mwendo ni kasi ya mwendaji, kama tusemapo mwendo wa kobe. Na mwendo ni umbali wenyewe uliopo baina ya mahali na mahali. Mzee wa kijijini akiulizwa kama aendako ni mbali, aghalabu hajibu kwa maili wala kwa kilomita. Husema, "Ni mwendo wa siku mbili," au, "Ukiondoka alfajiri utafika jua la utosi." Wapo watakaolidharau jibu hilo na kulihesabu kuwa ni la mtu asiyejua vipimo. Sisi tunaliona kuwa ni jibu la busara. Ardhi haitembei, anayetembea ni mwanadamu, naye huupima umbali kwa siku za maisha yake, kwa jasho lake na kwa posho aliyobeba.

Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba umbali una historia, kama vile tawala, vita na biashara zilivyo na historia. Tumechukua mfano wa Mkoa wa Ruvuma, na hasa njia zinazouunganisha na Bahari ya Hindi na jiji la Dar es Salaam. Tutautazama mwendo huo tukiwa tumesimama Nalasi, katika Wilaya ya Tunduru, kusini mwa mji wa Tunduru, upande wa kuelekea Mto Ruvuma ambao ndio mpaka wetu na nchi ya Msumbiji. Mtu wa Nalasi akitaka kufika Songea, makao makuu ya mkoa, hana budi kwenda kwanza Tunduru, kisha aishike njia ya magharibi kwa kilomita zipatazo 265 nyingine. Kwa hiyo Nalasi ni mahali pazuri pa kuuliza swali letu: Je, njia inapofupishwa, hufupishwa kwa ajili ya nani?

Umbali wa Angani na Umbali wa Nchi Kavu

Tuanze na hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Mwanafunzi akichukua ramani ya Tanzania, akaweka rula baina ya Songea na Dar es Salaam, atapata kilomita zipatazo 580. Hiyo ndiyo njia ya ndege. Lakini barabara haiwezi kukata moja kwa moja, kwa sababu katikati ya miji hiyo pana mbuga kubwa ya Selous, ambayo sehemu yake ya kaskazini ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na pana Mto Rufiji pamoja na matawi yake. Gari litokalo Songea hupanda kwanza kaskazini hadi Njombe na Makambako, likageukia Iringa, likapita Morogoro, ndipo likateremka Dar es Salaam. Mwendo huo ni wa kilomita zipatazo 950. Maana yake ni kwamba kwa kila kilomita 10 anazoruka abiria wa ndege, abiria wa basi hupita kilomita 16 na zaidi.

Tugeukie muda. Ndege ya rafadha ya aina zinazotua katika viwanja vya mikoani huhitaji kadiri ya saa moja na nusu kumaliza safari hiyo. Basi linalotii sheria haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Hata kama lingekwenda kasi hiyo bila kusimama popote, lingetumia karibu saa 12. Ukiongeza vituo, milima, mizani na vijiji vya njiani, safari huanza alfajiri na kumalizika usiku. Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hatuwezi kumwita rubani mwongo, kwani yeye ameifuata njia iliyo fupi kweli kweli. Lakini rula iliyowekwa juu ya ramani yaweza kumdanganya mwanafunzi, akadhani kwamba miji hiyo ina umbali mmoja tu. Ina umbali mwingi, na kila umbali una watu wake.

Enzi za Miguu

Kabla ya magari na ndege, watu wa kusini hawakukaa wakiungojea ulimwengu uje kwao. Wayao walikuwa miongoni mwa wasafiri mashuhuri wa Afrika ya Mashariki. Kanoni Yohana Abdallah, mwenyewe Myao, aliandika historia ya watu wake kwa lugha yao, na kitabu chake, Chiikala cha Wayao, kilichapwa mwaka 1919. Humo ameeleza jinsi wazee wa zamani walivyoanza kuuza majembe yaliyofuliwa na wahunzi wao, pamoja na tumbaku na ngozi, wakisogea kidogo kidogo kuelekea mashariki hadi wakafika pwani, nao wakarejea na chumvi, nguo na shanga.

Safari hiyo haikuwa biashara tu. Ilikuwa tendo la jamii nzima. Kabla ya kuondoka, unga ulimwagwa chini ya mti kwa ajili ya kuwaomba wahenga ulinzi, na hali ya unga huo ilitazamwa ili ijulikane kama safari ina heri. Waliobaki nyumbani nao walikuwa na miiko yao ya kushika hadi msafara urudi. Kwa maneno mengine, umbali ulibebwa na pande mbili: aliyekwenda aliubeba kwa miguu, na aliyebaki aliubeba kwa subira. Mwalimu anayefundisha utamaduni asiiache sehemu hii ya pili, kwani ndiyo inayosahaulika upesi.

Mwendo wenyewe ulikuwaje? Msafara uliobeba mizigo ulipita kiasi cha kilomita 15 hadi 20 kwa siku. Kutoka Songea hadi Kilwa Kivinje kwa mstari ulionyooka ni kilomita zipatazo 460. Mtu akigawanya kwa 20 atapata siku 23; lakini njia ya miguu haikunyooka, nayo ilikuwa na siku za kupumzika, za kutafuta chakula na za kungoja mto upungue. Hivyo mwezi mmoja ulikuwa ni mwendo wa haraka. Mreno Gaspar Bocarro alitembea kutoka Tete, kwenye Mto Zambezi, hadi Kilwa mwaka 1616, akauvuka Ruvuma, naye alitumia muda usiofika miezi miwili. Mjerumani Albrecht Roscher aliondoka Kilwa mwezi Agosti 1859, akafika Ziwa Nyasa mwezi Novemba, karibu miezi mitatu. David Livingstone aliondoka Mikindani mwezi Aprili 1866, akaufuata Mto Ruvuma, akapita kwa Mataka, mtawala wa Wayao, na tarehe 8 Agosti ndipo alipofika ziwani. Wasafiri hao huitwa wavumbuzi katika vitabu vya kikoloni. Ukweli ni kwamba njia walizozipita zilikuwapo, zina majina, zina vituo, na waliowaongoza walizijua kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake.

Lakini haifai kuisifu njia hiyo bila kuitaja aibu yake. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mlango mkubwa wa biashara ya watumwa. Maelfu ya watu kutoka nchi zilizozunguka Ziwa Nyasa na Mto Ruvuma walipitishwa humo wakiwa wamefungwa, wengine wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Kwao hao umbali haukupimwa kwa siku, kwa maana hawakuwa na siku ya kurudi. Mwendo ule ule uliomletea mfanyabiashara nguo na heshima ulimpeleka mwenzake mahali pasipo na marejeo. Njia moja, umbali wa aina mbili.

Mpaka Uliotenganisha Majirani

Wakati mwingine umbali huongezeka bila ardhi kunyooshwa hata hatua moja. Tarehe 30 Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walipatana kuufanya Mto Ruvuma kuwa mpaka wa milki zao. Kwa watu wa kandokando ya mto, huo ulikuwa mto wa kuvua samaki, wa kuchota maji na wa kuvuka kwa mtumbwi kwenda kumwona mjomba. Tangu siku hiyo mjomba akawa mtu wa nchi nyingine, mwenye kodi nyingine, sheria nyingine na, baadaye, lugha nyingine ya shuleni. Mwendo wa nusu siku ukawa mwendo wa kuvuka himaya.

Hata hivyo udugu haukukatika. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwezi Septemba 1964, maelfu ya wakimbizi waliuvuka Ruvuma kuja upande wetu, wakapokewa katika mikoa ya kusini, yakiwamo makazi ya Muhukuru katika Songea. Wapigania uhuru wa FRELIMO walitembea majuma mengi wakiwa na silaha na dawa mabegani, hadi nchi yao ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Hapo tunaona kwamba umbali wa moyo na umbali wa ramani si kitu kimoja. Waliochora mpaka waliwatenga majirani. Majirani wenyewe waliendelea kuhesabiana kwa ukoo.

Maji Yaliyotembea na Mabega Yaliyochoka

Vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, watu walipong'oa mipamba ya kulazimishwa. Mapema mwezi Septemba moto huo ulikuwa umekwisha kufika Ungoni. Wajerumani walikuwa na meli baharini na nyaya za simu pwani. Wananchi walikuwa na miguu tu, na ndani ya majuma machache habari na dawa ya maji vilikwisha kupita mamia ya kilomita, kutoka kabila hadi kabila, bila barua hata moja. Hili ni jambo la kutafakari. Umbali ambao serikali ya kikoloni iliutegemea kuwatenga watu, watu waliuvuka kwa neno la kinywa.

Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wa Kingoni walinyongwa Songea, na siku chache baadaye akanyongwa Songea Mbano, ambaye mji huo umechukua jina lake. Makumbusho ya Maji Maji yaliyopo mjini hapo huwakumbuka kila mwaka. Tungependa wanafunzi wanaoyazuru wakumbuke pia kwamba vita hivyo vilikuwa, pamoja na mambo mengine, vita dhidi ya kazi za shuruti, na kwamba miongoni mwa kazi hizo ilikuwamo ile ya kutengeneza barabara ambazo mtengenezaji hakuwa na haki ya kuzifaidi.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia umbali wa kusini ulidai malipo makubwa zaidi. Majeshi ya pande zote mbili yalitegemea wapagazi, malaki kwa malaki, na wengi wao hawakurudi. Jina la Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, limetokana na lile jeshi la wapagazi lililoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Hebu tufanye hesabu. Mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha kilo 25 hadi 30. Posho yake ya siku, ikiwa ni kibaba kimoja cha nafaka, ilikuwa kama robo tatu ya kilo. Basi mpagazi aliyebeba kilo 30 za chakula alikuwa amebeba chakula chake mwenyewe cha siku 40. Akitembea siku 20 kwenda na siku 20 kurudi, mzigo wote umekwisha tumboni mwake, na askari aliyeko mbele hakupata hata punje. Ndiyo maana posho zilipunguzwa, ndiyo maana vijiji viliporwa nafaka, na ndiyo maana njaa na maradhi viliua watu kuliko risasi. Umbali, mahali pasipo na chombo cha kubebea, humla mtu.

Katika vita hivyo hivyo anga lilijaribiwa kwa mara ya kwanza kuwa njia ya kufikia kusini yetu. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo kikubwa cha anga kilichojazwa gesi, aina ya Zeppelin, chenye jina L59, kiliondoka Jamboli katika Bulgaria kikiwa na tani zipatazo 15 za risasi, dawa na vifaa kwa ajili ya jeshi la Wajerumani lililokuwa limebanwa kusini ya nchi yetu. Kilipita Misri, kikafika Sudan, ndipo kilipopata amri ya kurudi. Kilitua kilikotoka tarehe 25 Novemba, baada ya kukaa angani saa 95 na kupita kilomita 6,757. Siku hiyo hiyo ya tarehe 25 Novemba 1917, jeshi lile lililokuwa likingojewa kupelekewa vifaa, likiongozwa na Lettow-Vorbeck, liliuvuka Mto Ruvuma kwa miguu na kupigana Ngomano, upande wa Wareno. Siku moja ilionyesha mwendo wa aina mbili: huku mashine iliyokwenda na kurudi kilomita elfu kadhaa kwa siku nne, na huku wapagazi wakiuvuka mto na mizigo kichwani.

Reli Iliyokuja na Kuondoka

Wakati wa utawala wa Waingereza umbali uliendelea kuamua maisha ya watu, hata aina ya mazao yao. Kwa nini tumbaku ilikuzwa Songea tangu miaka ya 1930, na wakulima wakaanzisha chama chao cha ushirika cha Ngoni-Matengo mwaka 1936? Sababu moja ni kwamba tumbaku ni zao lenye thamani kubwa kwa uzito mdogo. Mahindi yasingeweza kulipa nauli yao wenyewe hadi bandarini, tumbaku iliweza. Na mtu asiyekuwa na zao la kulipa nauli alijisafirisha mwenyewe. Vijana wengi wa Ungoni na sehemu za jirani walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, Tanga na Morogoro. Walitembea majuma mengi katika miaka ya mwanzo. Baadaye waliandikishwa na kusafirishwa na shirika la waajiri lililoitwa SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944. Kilichotoka kusini kwa wingi, basi, kilikuwa nguvu za watu.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ikatandazwa kuelekea bara. Mpango ulianguka, ukaachwa mwaka 1951. Bandari ilibaki. Reli ilikosa mizigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na kung'olewa. Hapa pana somo kwa watungaji wa mipango. Njia iliyojengwa kwa ajili ya zao moja hufa pamoja na zao hilo. Njia iliyojengwa kwa ajili ya watu huishi, kwa sababu watu hawaachi kuzaliwa, kuugua, kuoana, kusoma na kuzikana.

Kazi ya Taifa Huru

Baada ya uhuru, taifa lilirithi kusini iliyokuwa kama kisiwa katika nchi kavu. Katika masika Mto Rufiji ulifurika na kuikata njia ya pwani, na msafiri wa Lindi au Mtwara alingoja kivuko au alipanda meli. Kwa upande wa Songea, mambo yalianza kubadilika ilipojengwa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, kisha ikaja Reli ya Uhuru iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi katika Zambia. Makambako ikawa njia panda. Katika miaka ya 1980 barabara ya Makambako hadi Songea ikatiwa lami, na Songea ikaungana na nchi nzima kwa njia isiyoogopa mvua.

Angani, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1946 lilivunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo Tanzania ikaunda shirika lake. Tangu hapo mji wa Songea umekuwa na nyakati za kufikiwa na ndege na nyakati za kukosa, kadiri ndege zilivyopatikana na kadiri kiwanja kilivyofaa.

Njia ya mashariki ilichelewa zaidi. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lenye urefu wa meta 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma, lenye meta 720, lilifunguliwa na marais wa Tanzania na Msumbiji tarehe 12 Mei 2010, katika eneo lile lile la Negomano walikovuka wapagazi wa mwaka 1917. Kisha zikaja kilomita 72 za lami kutoka Songea hadi Namtumbo, na kilomita 193 kutoka Namtumbo hadi Tunduru, na 137 kutoka Tunduru hadi Mangaka. Kufikia mwisho wa miaka ya 2010 mtu aliweza kutoka Songea hadi Masasi, na kutoka hapo hadi Mtwara, juu ya lami. Waliosafiri zamani kati ya Songea na Tunduru wanakumbuka malori yaliyokwama siku kadhaa katika matope, abiria wakipika na kulala kando ya njia. Wanakumbuka pia katikati ya miaka ya 1980, simba walipokuwa wakila watu wilayani Tunduru, na mwendo wa jioni wa kutoka shamba hadi nyumbani ukawa mrefu kuliko safari ya Dar es Salaam.

Mwendo wa Nani?

Sasa turudi Nalasi na lile swali tuliloliuliza mwanzo. Katika miaka isiyozidi 160, mwendo wa kutoka nchi ya Ruvuma hadi pwani umeshuka kutoka miezi hadi siku, kutoka siku hadi saa, na kwa mwenye nauli ya ndege, hadi saa moja na nusu. Hayo ni maendeleo makubwa, na anayeyakana hakuitazama historia. Lakini tukipima vizuri tutaona kwamba kilichofupishwa sana ni umbali wa mji na mji. Umbali wa kijiji na barabara kuu umefupishwa kidogo tu. Mkulima anayeishi mbali na lami bado huangalia mawingu kabla ya kuamua kusafiri.

Umbali huo mfupi ndio wenye gharama kubwa. Korosho za Tunduru huelekea bandari ya Mtwara. Kila kilomita ya njia mbovu baina ya shamba na ghala hatimaye hukatwa katika bei anayoipata mkulima. Mama mjamzito aliyepatwa na uchungu usiku hana haja ya kujua kwamba Songea na Dar es Salaam zimekaribiana. Haja yake ni kujua kama gari litafika mlangoni pake kabla ya alfajiri. Mwanafunzi wa sekondari anayetembea kilomita 8 kwenda na 8 kurudi hutumia, kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 4 kwa saa, saa 4 za kila siku njiani. Katika saa 4 ndege ya rafadha ingekwenda Songea na kurudi Dar es Salaam, na muda ukabaki. Hatusemi haya ili kuilaumu ndege. Tunasema ili ijulikane kwamba dakika za mtoto huyo nazo ni mali ya taifa.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mtu aliye mbali na mahali maamuzi yanapofanywa hana budi kuwa na njia ya kufika hapo, ama sivyo mambo yake yataamuliwa naye hayupo. Redio ilisaidia, na simu ya mkononi imesaidia zaidi, kwa kuwa siku hizi sauti ya mtu wa Nalasi hufika Dar es Salaam kwa nukta moja, na fedha pia. Hata hivyo mgonjwa hapelekwi hospitali kwa simu, wala gunia la korosho halipiti katika waya. Mwili bado unahitaji barabara.

Tunawaomba walimu wa historia, jiografia na Kiswahili walifanye somo hili kuwa la vitendo. Wanafunzi waende kwa wazee wao wakawaulize: Babu, mlikwenda pwani kwa siku ngapi? Mlilala wapi? Mlibeba nini, na mlirudi na nini? Nani alibaki nyumbani, naye alishika miiko gani? Wayaandike majina ya vituo, vivuko na miti ya mapumziko kabla hayajapotea, kwa maana lami huifuta njia ya miguu, na jina la kituo kisicholaliwa tena husahaulika katika kizazi kimoja. Kisha wachore ramani mbili za kijiji chao: moja ya kilomita na moja ya muda. Katika ramani ya pili zahanati yaweza kuwa mbali kuliko wilaya, na ng'ambo ya mto ikawa karibu kuliko mkoa. Ramani hiyo ya pili ndiyo wanamoishi wananchi.

Njia zetu zilianzishwa na wachuuzi wa majembe na chumvi, zikakanyagwa na watumwa, zikaenezwa na wajumbe wa Maji Maji, zikalipiwa kwa mabega ya wapagazi na manamba, na mwishowe zikajengwa kwa kodi ya wananchi huru. Kwa kuwa kila kilomita yake imelipiwa hivyo, ni haki kwamba mwananchi wa mwisho, aliye kando kabisa ya ramani, naye aupate ufupi wake. Mtu akituuliza kama Nalasi ni mbali, tusimjibu kwa kilomita peke yake. Nasi tumwulize kwanza anakwenda na nini, katika majira gani, na nani anayemngojea.